Mguu wa Bi Radulova

Mtaa wa Kinuni,
22 Septemba 2002

Baba yangu,

Nakubusu mkono wa kulia, na wa kushoto pia usije ukaona wivu. Dereva Kiro ameshusha barua yako pamoja na pipi, akasema huko Ugiriki umenenepa. Bibi hakuamini hilo la kunenepa. Anasema hajasikia kiumbe aliyenenepa kwa kazi ya kuchuma zeituni, labda ndege.

Sasa habari yenyewe. Nimeingia shule ya mjini! Darasa la tano B. Najua ulisema tusubiri urudi twende wote kuandikishwa, lakini bibi unamjua. Alivaa lile koti lake la kiwandani, akanishika mkono, tukaenda moja kwa moja mpaka kwa mkuu wa shule. Akamwambia, "Mwalimu, mimi nimesokota sufu miaka thelathini kwenye kiwanda cha mji huu mpaka kikafungwa. Sweta ulilovaa utotoni huenda lilipita mikononi mwangu. Sikudai kitu. Nataka dawati moja." Mkuu akakuna kidevu, akaniuliza saba mara nane, nikajibu kabla hajamaliza. Basi.

Baba, kule hawapaki picha rangi kutwa nzima kama shule yetu ya mtaani. Kuna ramani ya dunia inayoviringishwa kama mkeka. Kutoka Kinuni niko mimi peke yangu, wengine wote ni magajo wasio Waroma kama sisi, na kwa sababu hiyo nimepewa dawati zima, la nyuma kabisa, karibu na bomba la joto. Wenzangu wamebanana wawili wawili. Mimi nanyoosha viwiko kama mkurugenzi! Wanasema nanukia moshi. Nadhani ni sifa, maana nani asiyependa nyama choma?

Mabuti yako nimeyachukua. Nimejaza sufu kwenye vidole, sasa yananitosha kabisa.

Binti yako,
Sevda


Karibu na Kavala,
9 Oktoba 2002

Sevda, mkurugenzi wangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya wachumaji wote. Kuna Mwalbania mmoja alilia, ila yeye hata akikata kitunguu cha mwenzake hulia. Niliwaambia: huyo ni wangu, huyo wa saba mara nane. Wakaniuliza jibu ni ngapi. Nikasema hilo ni suala la familia.

Dawati zima peke yako! Mimi nilisoma miaka mitatu tu, na tulikuwa wanne benchi moja. Wa ukutani akipiga chafya, wa mwisho anaanguka chini. Kaa vizuri mama, tandaza madaftari yako yote. Sikutaka bibi aende bila mimi, nakwambia kweli, nilitaka nikuone ukiingia. Lakini mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nitakuja nikuone ukitoka.

Nami nimepandishwa cheo. Sipandi tena ngazi. Nimepewa kiti uani, nakaa nachambua zeituni, nzima huku, zilizobonyea kule. Mke wa bosi ananiletea chai. Usiniulize nimefanyaje, kazi za kukaa ni za watu wenye akili, ndiyo maana baba na binti wamekaa.

Kwenye Vasilitsa nitakuwa nyumbani, Mungu akipenda. Huku wakisherehekea mwaka mpya wao mimi sitasherehekea chochote, nangoja huo wetu wa Januari. Mwambie bibi aanze kumtafuta bata bukini mapema, na asimnunue yule mwembamba wa mwaka jana aliyekuwa na maneno mengi kuliko nyama.

Baba yako,
Ognyan


Mtaa wa Kinuni,
24 Novemba 2002

Baba,

Kila mtu mtaani anajua kwamba unafanya kazi ya kiti. Nimewatangazia mimi.

Shuleni mambo ni mazuri sana. Hesabu nimepata alama za juu kuliko wote, mwalimu akasoma jina langu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alidhani amekosea. Kuna msichana anaitwa Kalina Radulova, anakaa mbele yangu. Siku moja aligeuka upesi akaniuliza kugawanya kwa tarakimu mbili kunafanywaje, nikamwonyesha, akageukia tena mbele. Ana nywele za rangi ya asali. Alifanya sherehe ya kuzaliwa, darasa zima likaenda. Mimi sikwenda, nilikuwa na shughuli.

Mama yake ndiye mwenye duka la vifungo na nyuzi pale karibu na posta. Ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Juzi alikuja darasani akasimama karibu yangu, akanitazama kichwani muda mrefu. Bibi alikuwa amenisuka vizuri siku ile, nadhani aliupenda mtindo.

Njoo na machungwa.

Sevda


Mtaa wa Kinuni,
15 Desemba 2002

Ognyan, mwanangu,

Maneno haya ni yangu mimi mama yako Zumbula. Mwandiko ni wa Mitko, mtoto wa dada yako. Ukiona barua haina matusi, jua ni yeye aliyeyaruka. (Nimeyaruka matatu, mjomba. Mitko.)

Nyumba hii ina waongo wawili, mmoja nimemzaa na mwingine nimemlea. Wewe unamwambia mtoto umepandishwa cheo. Kiro ameniambia ulianguka ngazini tangu mwisho wa Septemba na mguu uko kwenye plasta mpaka gotini. Kiro si kaburi, na wewe si mtoto mdogo. Je, ukioza huko nijulishwe na nani, na Mwalbania?

Na huyu wa hapa naye. Anakaa peke yake kwa sababu hakuna mtoto anayekubali kukaa naye. Mapumziko anasimama kando ya mlango na kuhesabu vigae, amekuja kuniambia idadi yake akiwa na furaha eti amevimaliza. Kwenye sherehe ya yule Kalina walialikwa wote isipokuwa yeye. Alikaa nyumbani akanisaidia kuanua nguo, akaimba mchana kutwa, wala sikuthubutu kumtazama usoni.

Na sasa huyo mama Radulova anawazungukia wazazi. Ijumaa ya tarehe ishirini na nne Januari wana kikao, hoja ni kwamba mtoto wetu arudishwe shule ya mtaani "kwa wenzake". Eti ananuka moshi. Nguo zinakaukia juu ya jiko la kuni, zinuke nini, waridi?

Ninayasema haya si ili ulie. Usirudi na magongo kwenye barafu, nitakuwa na wagonjwa wawili. Pona kwanza. Vasilitsa tutaifanya. Mlango tutaufunga jioni kama kawaida, na asubuhi Mitko ndiye atakayekuwa wa kwanza kuingia. Mguu wake ni mwepesi. (Kweli, mjomba. Mwaka juzi niliingia kwa jirani Asen, ng'ombe akazaa mapacha.) Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti ndiye mwaka mzima, na mwaka huu sitaki kubahatisha.

Bata bukini wamekuwa ghali, ungedhani ni mahari. Tumepata jogoo. Umenielewa lakini: tumepata bukini.

Mama yako,
Zumbula


Karibu na Kavala,
27 Desemba 2002

Mama,

Nakubusu mkono na ninaomba radhi kwa uongo. Nililia. Yule Mwalbania alikuwa akinibembeleza mimi safari hii.

Mtoe. Mama, nakuomba, baada ya Vasilitsa mtoe shule ile. Mimi walinitoa nikiwa na miaka kumi, nikasema sikuumia, na mpaka leo nikipita mbele ya jengo lile navuka barabara. Ngoja kikao cha nini? Ili wapige kura juu ya mwanangu kama watu wanaochagua rangi ya mapazia? Mtoe mwenyewe kwa heshima kabla hawajamtoa. Apake rangi mtaani akiwa na wenzake wanaomcheka kwa upendo.

Usimwambie kuhusu mguu.

Ognyan


Mtaa wa Kinuni,
15 Januari 2003

Baba,

Kaa chini. Najua umekaa, najua na kuhusu mguu. Mitko husoma barua kwa sauti kubwa.

Ninakusimulia Vasilitsa yote, usiruke mstari hata mmoja.

Jioni ya juzi bibi alifunga mlango, akamega mkate, nikambusu mkono nikamwomba msamaha kwa makosa ya mwaka mzima. Alinisamehe yote, hata lile la kusema uongo, ila alinifinya shavu kwanza. Jana asubuhi tukaamka mapema, tukavaa vizuri, tukakaa kumngoja Mitko na tawi lake la kututakia heri. Mitko hakutokea. Bibi akawa anautazama mlango. "Huyu akichelewa, mwaka mzima tutakuwa watu wa kuchelewa," akasema. Jogoo, yaani bukini, alikuwa mezani anapoa.

Mlango ukagongwa!

Bibi akarukia kiti chake, akajinyoosha, akauliza kama inavyoulizwa, "Nani anatuletea mwaka?"

Nje sauti ya mwanamke ikasema, "Radulova. Mama yake Kalina."

Baba, huyohuyo wa kamati! Nilijua hakuja na tawi. Amekuja asubuhi kabla ya kufungua duka ili asionwe, amwambie bibi anitoe shule. Nikamtazama bibi. Unajua mwenyewe, anayegonga wa kwanza harudishwi, awe adui, awe askari. Bibi alifumba macho kidogo, akayafumbua, akapaza sauti, "Ingia kwa mguu wa kulia!"

"Nini?"

"Wa kulia, mama! Wa kulia!"

Majirani wote walishafungua madirisha. Mmoja akapiga kelele kutoka ng'ambo, "Mama wee, usije ukaleta wa kushoto, tuna mikopo!" Bi Radulova akatazama miguu yake yote miwili, akabadilisha, akaingia kwa wa kulia. Hapohapo bibi akamnyunyizia ngano kichwani. Nywele zilikuwa zimetoka saluni, ngano zikakaa humo vizuri tu.

"Bi Zumbula, mimi nimekuja kuzungumza kuhusu..."

"Karibu, mwanangu, karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kaa."

"Siwezi kukaa, nina haraka, ni suala la shule."

"Leo halisemwi neno chungu humu ndani mpaka jua lizame. Na mgeni wa kwanza asipokaa, kuku hawalalii mayai."

"Mna kuku?"

"Hatuna. Kaa."

Akakaa. Alikuwa na mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Ndipo wakaanza kuingia watu, maana habari mtaani haina viatu lakini inakimbia. Watoto wakapanga mstari kumbusu mkono. Mtoto mdogo wa Asen alimbusu, akarudi nyuma ya mstari, akambusu tena. Bi Radulova hakujua auweke wapi mkono ule baada ya hapo, akauacha juu ya meza.

Bibi akamwekea sahani. Alimpa paja, baba, lile paja lako. Kila mtu akageuka, kwa sababu unajua magajo wakija kwetu wanavyosema: ahsante nimeshiba, ahsante tumbo linaniuma, ahsante naharakisha. Tukawa tunautazama uma wake.

Akasema kwa adabu, "Jogoo mzuri."

Hata mtoto wa Asen aliacha kutafuna. Bibi akasema taratibu, bila kukasirika, "Bukini, mama. Leo ni bukini."

Bi Radulova akamtazama bibi. Akatazama sahani. Akatazama kwenye jiko, ambako mabuti yako yalikuwa yanakauka huku sufu ikining'inia nje, na soksi zangu juu yake kwenye kamba. Akanitazama mimi. Kisha akasema, "Samahani sana, nimesahau miwani. Bukini mnono kweli."

Akala! Alikula mpaka mfupa ukawa mweupe, baba, akapanguza sahani kwa mkate. Watu wakapiga makofi, mwanamke wa ng'ambo akaanza kuimba, Bi Radulova akaombwa acheze, akakataa, akaombwa tena, akazunguka mara moja na mkoba wake. Katikati ya hayo Mitko akaingia na tawi lake, nywele zimesimama, shavu lina alama za benchi alilolalia kwa Asen. Akauliza, "Huyu kwenye kiti changu ni nani?"

"Huyu ndiye mwaka," bibi akamjibu. "Wewe chukua shingo."

Alipoondoka, bibi alimshika mkono mlangoni akamwambia, "Mguu wako umeingia kwetu, sasa ni wako mpaka Vasilitsa ijayo. Tukipata, tumepata kwako. Tukikosa, tutakuja kukuuliza." Bi Radulova alifungua mdomo kusema lile alilokuja nalo, nikaona liko hapohapo kwenye meno. Halafu akanigeukia mimi. "Kesho una shule?"

"Ninayo."

"Basi usichelewe," akasema, akaenda zake na ngano zake kichwani.

Sasa baba nisikilize. Nimesikia umesema nitolewe. Lile dawati si cheo, ulishajua. Inaniuma. Inaniuma zaidi asubuhi kabla kengele haijalia, wanapochagua nani akae na nani. Lakini hesabu naziweza, na ramani bado hatujafika Afrika, na nikitoka mimi hakuna mtoto wa Kinuni atakayepokelewa mwakani, watasema walishajaribu. Sitoki. Wakinitoa wao, ni wao. Usiwasaidie.

Nisamehe kwa kukujibu hivyo. Sasa si Vasilitsa tena kwa hiyo huwajibiki kunisamehe, lakini nisamehe.

Sevda


Mjini,
26 Januari 2003

Bwana Ognyan,

Hunifahamu. Mimi ni Penka Radulova, mwenyekiti wa kamati ya wazazi ya darasa la tano B. Anwani yako nimeipata kwa dereva Kiro, ambaye bila kuulizwa alinieleza pia hali ya mguu wako. Nakutakia nafuu.

Ninaandika kwa sababu nadhani una haki ya kujua yaliyotokea Ijumaa, na kwa sababu sina mwingine wa kumlalamikia.

Sikwenda kwenu kusherehekea. Nilikwenda kumshauri mama yako amwondoe binti yako kimyakimya ili kusiwe na kikao. Badala yake nilikalishwa, nikalishwa, nikanyunyiziwa nafaka. Mimi si mtu wa kuamini mambo ya miguu. Nimesomea uhasibu.

Tangu siku hiyo sina amani. Sokoni muuza pilipili alinikumbatia mbele ya watu, akasema mwanawe ameajiriwa manispaa kwa ajili ya mguu wangu. Nikamwambia, "Mama, kwako sikuingia." Akasema, "Ulipita chini ya dirisha langu, inatosha." Nikifungua duka asubuhi nakuta kitu mlangoni: mtungi wa kabichi ya chumvi, mayai yaliyofungwa kwenye gazeti, vitambaa vya kufuma, na mimi ndiye ninayeuza nyuzi! Juzi alikuja mzee mmoja kunishtaki kwamba punda wake anakohoa, akataka nijieleze. Nilikuwa na wateja. Ili aondoke nikamwambia ampe maji ya uvuguvugu. Punda amepona. Hali sasa imekuwa mbaya zaidi.

Ijumaa hoja ilikuwa yangu, nilikuwa nimeiandaa vizuri. Nilisimama kuisoma, nikaiona akilini ile sahani ya kwenu. Bwana Ognyan, walikuwa na kuku mmoja na watu zaidi ya kumi, wakanipa paja. Mimi niliyemtazama mtoto wao kichwani mbele ya darasa kana kwamba natafuta doa kwenye kitambaa. Nikasema naiondoa hoja.

Baba mmoja akasema, "Radulova, hao watu wamekuroga."

Nikamjibu, "Wamenilisha."

Wakacheka wote. Nilikasirika sana. Nikashangaa ninavyokasirika, maana mwezi uliopita ningecheka nao. Nikawaambia hivi: mtoto yule akifukuzwa, mwaka wa nyumba ile umeharibika, na mguu ulioingia pale ni wangu, na mimi Penka Radulova sijawahi kuwa mkosi wa mtu wala sitaanza sasa. Kama wana mashaka na moshi, kiwanda kilipokuwa wazi mji mzima ulinuka sufu mbichi na hatukufukuzana. Kisha nikasema anayetaka aondolewe ainue mkono na aniangalie usoni.

Iliinuka mikono, siwezi kukudanganya. Haikutosha. Anabaki.

Sikumwambia binti yangu akae na nani. Hilo si langu kuamua, na sitaki usubiri jambo ambalo halipo. Nimekueleza lililopo.

Tafadhali mwandikie yule mzee wa punda, ambaye sasa ananiuliza kuhusu mbuzi wake, kwamba mbuzi siwajui kabisa.

Kwa heshima,
P. Radulova


Karibu na Kavala,
4 Februari 2003

Bi Radulova,

Plasta imetolewa, nilisoma barua yako nikiwa nimesimama.

Sikushukuru kwa dawati. Dawati ni lake, saba mara nane alijibu mwenyewe. Usinielewe vibaya, nasema ukweli kwa sababu wewe umeniambia ukweli. Ninachokushukuru ni kwamba ulimaliza chakula. Mama yangu amealika watu wa mjini maisha yake yote, kiwandani miaka thelathini akiwagawia mkate wake, na wewe ndiye wa kwanza kuipanguza sahani. Anasimulia mtaa mzima. Kila akisimulia, paja linakuwa kubwa.

Mzee wa punda ni mjomba wangu. Nimemwandikia. Lakini kama unamfahamu mtu anayejua mbuzi, mtafute sasa hivi.

Narudi mwisho wa mwezi. Nitapita dukani kununua kifungo, hata kama sikihitaji.

Ognyan


Mtaa wa Kinuni,
12 Februari 2003

Baba,

Kabla hujafika nataka uisikie habari hii kwangu, usije ukaambiwa na Kiro ukashtuka. Nimeandikiwa onyo. Mwalimu ameliandika kwa wino mwekundu na anataka saini ya mzazi, na bibi anakataa kusaini mpaka asomewe mara ya tatu.

Ilikuwa hivi. Jumatatu asubuhi kabla ya kengele, wakati wanapochaguana, nilikuwa nimeshakaa nyuma na kutandaza madaftari yangu dawati zima kama ulivyoniagiza. Mkoba ukatua juu ya madaftari. Kalina. Akasema, "Sogea, viwiko vyako ni vya mtu mzima." Nikamwambia hapa ni kwa mkurugenzi. Akasema naye mama yake ni mwaka, kwa hiyo asogezewe. Nikasogea.

Baba, msichana yule ana maneno! Ana kaka anayekoroma, anamwogopa bata mzinga, hajui kugawanya hata leo, na anataka kujua kila kitu: kwa nini nilikuwa nahesabu vigae, bibi anasukaje nywele zikakaa siku tatu, wewe unaongea Kigiriki au unapunga mikono tu. Sherehe ya mwaka huu amenialika mapema, ni Novemba, nikamwambia nitaangalia shughuli zangu. Akanipiga kiwiko, nami nikampiga. Mwalimu alikuwa anatuonyesha Afrika kwenye ramani, hatimaye, na mimi sikuiona hata kidogo.

Akasema, "Sevda, nyamaza." Nikanyamaza kidogo. Akasema tena. Mara ya tatu akaja mpaka kwenye dawati letu, akaniambia nisimame, darasa zima likageuka, akaniuliza kama sina aibu kupiga soga tangu somo lianze. Nilijaribu kuwa na aibu. Nilishindwa, nilikuwa nacheka, Kalina naye kajificha chini ya dawati anacheka, na mwalimu akaandika.

Limeandikwa hivi: "Anaongea na mwenzake darasani."

Bibi ameshawapa majirani wote walisome. Njoo usaini wewe.

Sevda